Aeroba za mitumba, fundi wa Majengo na upepo wa Vipingo

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa nikisimama Mtwapa kununua maji. Aeroba hizi za baiskeli nilizinunua shilingi 4,500 kwa muuza baiskeli za mitumba, zile zinazoshuka bandarini kwa kontena. Jina la kampuni limeshafutika. Ni mirija miwili ya alumini iliyopinda ncha, vibao viwili vyenye sponji vya kuwekea viwiko, na vibanio viwili vya kufungia kwenye usukani. Unalala juu yake, mikono mbele, kifua chini, ili upepo usikuzuie sana. Fundi alinitoza 800 kufunga na kupima. Jumla haifiki hata nusu ya bei ya viatu vya mbio vya mume wangu, na ndivyo nilivyomjibu aliponuna.

Kwa nini nihangaike nazo? Triathloni ndefu ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, kisha mbio 42.2, yote siku moja. Kwa sisi wa Mombasa, 180 ni kama kwenda Malindi na kurudi mpaka Kilifi. Baiskeli ndiyo inayokula saa nyingi zaidi siku hiyo, na sheria hairuhusu ujifiche nyuma ya mwenzako. Unaacha nafasi ya mita 12, upepo wako unaukata mwenyewe. Kwenye tambarare, ukifika mwendo wa kilomita 30 kwa saa, nguvu nyingi za miguu zinaishia kusukuma hewa, na kinachozuia hewa zaidi si baiskeli bali mwili ulio juu yake. Basi nawashangaa vijana wa msafara wetu wa Jumapili wanaotoa laki nzima kununua rimu za kaboni, na huku wamekaa wima kama makarani. Laleni kwanza, jamani. Mwaka 1989 Mmarekani Greg LeMond aliianza siku ya mwisho ya Tour de France akiwa sekunde 50 nyuma ya Laurent Fignon. Zilibaki kilomita 24.5 tu, kutoka Versailles hadi Paris. LeMond alikuwa na aeroba, kifaa ambacho watu wa triathloni walishaanza kukitumia, Fignon hakuwa nazo. LeMond akalitwaa taji kwa sekunde 8.

Sasa fundi. Kibanda chake kiko Majengo, na jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe hataki. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akazichukua zile aeroba akazigeuzageuza.

"Hii ni ya kuendea safari au ya kulalia usingizi?"

Nikamweleza. Hakucheka tena. Akatoa kipimo chake cha chuma, akapima vibanio, akapima usukani, akanionyesha tatizo ambalo muuzaji hakunigusia: vibanio vilitengenezwa kwa usukani mnene wa milimita 31.8, wangu ni wa zamani, milimita 26. Vile vipete vya kujazia pengo vilishapotea huko mitumba ilikotoka. Mahali pengine ningeambiwa nikanunue usukani mpya. Mzee alichakura kwenye debe la vyuma vyake akaibuka na bomba la siti bovu la alumini, nene ukuta. Akalikata vipande viwili vifupi, akavipasua kwa urefu, akavipiga msasa, akavivisha usukani. Bado palibaki uwazi mwembamba kama unywele. Hapo akachukua kopo la soda, akalikata utepe kwa mkasi, akalainisha kingo zake zisikwaruze, akauzungusha mara moja na kufunga kibanio juu yake. Nikazishika aeroba nikazing'ang'ania kwa uzito wangu wote. Hazikusogea. Mpaka leo, pamoja na matuta yote ya Bamburi, hazijasogea.

Mimi ni mfupi, na mikono yangu ni mifupi vilevile, mirija ilinipita. Akaniegemeza ukutani na baiskeli yangu, akaniambia nilale nikanyage kinyumenyume. Ncha zilikuwa mbali mno, nilikuwa najinyoosha kuzifikia, mabega yamepanda masikioni. Akatia alama kwa msumari, akakata kiasi cha vidole vitatu kila upande kwa msumeno, akaziba matundu kwa vizibo vya chupa. Kisha akasogeza siti mbele na kuinamisha pua yake kidogo tu. Ukilala bila kusogeza siti, paja linagonga tumbo na nyonga inajifunga. Miguu itakudai kwenye zile kilomita 42 za mbio. Kwa hesabu yake, sponji ikae mbele kidogo ya kiwiko, isiwe chini ya mfupa wenyewe, na goti likigusa mkono ujue umeshushwa mno. Hakusoma popote mambo haya. Aliyaona kwa kunitazama nikikanyaga.

Kazi ilichukua alasiri nzima, na katikati alifunga akaenda kuswali. Mwenye haraka asiende. Malalamiko yangu ni mamoja: hana spana ya kupimia nguvu ya kukaza, anakaza kwa kuhisi mkono. "Alumini haipendi hasira, mwanangu," aliniambia, na kweli mkono wake ni mwepesi, lakini kifaa kinachobeba kifua changu juu ya lami sikiachii hisia. Nyumbani nilirudia bolti zote kwa spana ya kipimo, newton-mita 5, na mbili zilikuwa bado legevu.

Barabarani, aeroba hizi hazina faida yoyote kutoka Kisauni hadi ng'ambo ya daraja la Mtwapa. Breki na gia zimebaki kwenye usukani, mikono yako iko mbele ya usukani, na matatu ikikukatia kuchukua abiria hutapata muda wa kurudi. Hapo nakaa wima, mikono kwenye breki, kama wanadamu wengine. Tuktuk pekee zinatosha kukufundisha adabu. Nalala kuanzia Kikambala, na pahala pake hasa ni Vipingo, kwenye mashamba ya makonge. Hakuna nyumba, hakuna miembe, upepo unapita bila kizuizi. Msimu wa kusi utakwenda Kilifi ukijiona bingwa, maana unasukumwa mgongoni. Kurudi ndiyo shughuli. Kwa mapigo ya moyo yaleyale 140, nikikaa wima dhidi ya kusi napata kilomita 24 kwa saa; nikilala, 26 na wakati mwingine 27. Sina kipima wati, kile kifaa cha kupima nguvu ya miguu, kwa hiyo usinibishie kwa desimali. Kwa mwendo huo, kilomita 180 zinapungua zaidi ya nusu saa, na hiyo ni nusu saa nisiyokaa juani. Kaskazi ikiingia mambo yanageuka, unaumia kwenda na kubebwa kurudi, na kwa mwenye kuchoka mapema huo ndio msimu mzuri wa kuanza safari ndefu.

Malori ni habari nyingine. Lori refu likikupita linakusukuma pembeni kwanza, kisha linakuvuta, na ukiwa umelala tairi la mbele linatikisika kuliko ulivyozoea. Nikisikia injini nzito nyuma nainuka. Ng'ambo ya Kilifi, kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, miti inakata upepo. Hapo nainuka kwa hiari nipumzishe shingo na kunywa.

Shingo, naam. Wiki za mwanzo nilikuwa nalala dakika kumi, nakaa tano, na bado usiku mume wangu alinikanda kwa mafuta ya nazi. Usimwamini anayekwambia utazoea siku moja. Kwa akina dada wenzangu wanaovaa ushungi: ukilala na kuinua kichwa, helmeti inasukuma kitambaa kuja machoni. Vaa ule wa kubana wa michezo, na pini zote ziache nyumbani.

Chumvi ndiyo itakayoziua. Jasho linadondoka moja kwa moja juu ya bolti, na hewa yetu yenyewe ina chumvi ya bahari. Bolti za chuma cha kawaida ndani ya alumini zinashika kutu na kung'ang'ania hadi hazifunguki. Kuosha kwa maji ya kisima si dawa, kwani visima vingi vya huku vina maji ya chumvi. Mimi natumia maji ya bomba, nikiyapata, kisha nafuta na kupaka grisi. Bolti zote nilibadilisha nikaweka za stenlesi. Sponji nazo zinanuka. Zimeshikwa kwa utepe wa kubandua na kubandika, zibandue uzifue kila ukirudi, la sivyo majirani watakuuliza.

Kwangu aeroba zinapata nyota nne, na ile moja imekwenda na vipete vilivyopotea ambavyo muuzaji alivinyamazia. Fundi ana tano, hata bila ile spana. Mimi najiandaa kwa Ironman, triathloni ndefu ya Afrika Kusini, pale Nelson Mandela Bay, mji unaojulikana kwa upepo wake, na sibadilishi kitu. Lakini kama safari zako zinaishia Nyali na City Mall, usinunue. Hutapata hata kilomita moja ya kulala salama.

Ukienda kwa mzee, nenda asubuhi, chukua bolti zako za stenlesi, na vaa nguo utakazoendeshea maana atakupandisha baiskeli. Usukani wa kaboni haugusi, atakurudisha nao. Anapokea taslimu, au M-Pesa kwa simu ya mwanawe. Ijumaa hafungui mpaka baada ya sala.