Ofisi ya maandiko katikati ya Dodoma: mapitio ya huduma kwa wanaoomba ufadhili wa utafiti wa ubongo

Mtafiti kijana wa sayansi ya ubongo na mishipa ya fahamu anayeishi Dodoma hana watu wengi wa kumsomea andiko lake la ufadhili kabla halijatumwa. Wasimamizi wake wa zamani wako mbali, wenzake wa idara moja wamezidiwa na vipindi, na wafadhili wenyewe hawajibu maswali ya kitaalamu kabla ya maombi kufungwa. Kwa sababu hiyo ofisi ndogo iliyo mwendo mfupi kutoka Nyerere Square, ambayo wateja wake huiita tu ofisi ya maandiko, inastahili kupitiwa kwa makini. Huwahudumia waliomaliza shahada ya uzamivu na wale wanaokaribia kuimaliza, na ada yake hulipwa nusu mwanzoni na nusu andiko linapokamilika. Niliitumia kwa andiko langu la kifafa, tangu lilipokuwa wazo la ukurasa mmoja hadi siku ya kulituma. Naiona ni ofisi inayofanya vizuri sana kazi iliyo ngumu kuliko zote, lakini inazembea katika kazi nyepesi zaidi.

Kazi hiyo ngumu ni swali la utafiti. Msomaji mkuu wa pale, mama mtafiti mstaafu ambaye sote tunamwita Mwalimu, hasomi hata mstari mmoja wa andiko kabla mwombaji hajamweleza kwa mdomo ni jambo gani halijajulikana, kwa nini halijajulikana, na kwa nini yeye, mahali alipo, ndiye anayefaa kulitafuta. Maandiko mengi ya kifafa huanza na ukubwa wa tatizo hilo barani Afrika, na langu lilianza hivyo hivyo. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, haya kila mwombaji atayaandika. Sasa niambie la kwako."

Mazungumzo yaliyofuata ndiyo yaliyonipa thamani ya ada niliyolipa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika maeneo mengi ambako watu huishi karibu na nguruwe wanaozurura, tegu wa nguruwe, yaani mnyoo anayepatikana kwa nguruwe, husababisha takriban asilimia 30 ya visa vya kifafa, kwa kuwa viluwiluwi vyake hufika kwenye ubongo na kujijengea malengelenge humo. Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, imeshachangia tafiti zinazosomwa duniani kote kuhusu ugonjwa huo. Kisichoeleweka vizuri bado ni kwa nini, kati ya watu wawili wenye malengelenge yanayofanana kwenye picha, mmoja huanguka kifafa na mwenzake huishi bila dalili yoyote. Mwako wa kinga, yaani uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili, unaozunguka kiluwiluwi kinapokufa unahusishwa na degedege hizo, lakini maelezo hayo peke yake hayatoshi. Mwalimu alinifanya nione kwamba hapa ndipo penye nguvu ya mwombaji wa Tanzania ya kati: wagonjwa wapo, ufugaji wa nguruwe upo, na picha za MRI, zinazoonyesha ndani ya ubongo kwa nguvu ya sumaku, zinaweza kupigwa katika Hospitali ya Benjamin Mkapa. Maabara tajiri ya ng'ambo ingelazimika kusafiri ili kukaribia swali hilo. Alinikumbusha pia kazi ya Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambaye maelezo yake kuhusu watoto wanaotikisa kichwa yaliendelea kurejewa na watafiti miongo kadhaa baadaye. Alianza na wagonjwa waliokuwa mbele yake, nami naamini hiyo ndiyo njia inayotufaa.

Katika kumwelekeza mwombaji kwa mfadhili anayemfaa, ofisi inajua mambo ya msingi, na inayajua kwa usahihi. Tuzo ya Wellcome, taasisi ya Uingereza inayofadhili utafiti wa afya, kwa watafiti wanaoanza hulipa mshahara pamoja na gharama za utafiti zinazoweza kufika pauni 400,000, kwa kawaida kwa miaka mitano, na taasisi mwenyeji inaweza kuwa katika nchi ya kipato cha chini au cha kati. Maana yake mtu anaweza kuomba akiwa hapa hapa. Ufadhili wa Human Frontier Science Program, mpango wa kimataifa wa sayansi ya viumbe hai wenye makao yake Strasbourg, Ufaransa, ni wa miaka mitatu na una sharti tofauti kabisa: mwombaji ahamie nchi nyingine na aingie katika eneo la utafiti lililo mbali na lile la uzamivu wake. Mtanzania anaweza kuuomba iwapo maabara itakayompokea iko katika nchi mwanachama wa mpango huo. Ule wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya hugawa alama kwa uwiano wa 50 kwa ubora wa kisayansi, 30 kwa matokeo yanayotarajiwa na 20 kwa utekelezaji, na hauruhusu mtu aliyekwisha kuishi katika nchi mwenyeji zaidi ya miezi 12 kati ya 36 iliyotangulia. Haya yote nilielezwa bila kuuliza. Mwenzangu mmoja aliyetaka kuendelea na mada ileile ya uzamivu wake alishauriwa waziwazi aachane na ule wa Strasbourg, na ushauri huo ulimwokolea wiki nyingi za kazi. Kwa aliye mwanzo kabisa, ofisi humwelekeza kwenye shule za mafunzo na misaada midogo ya IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo lililoanzishwa mwaka 1961, na kwenye mikutano ya SONA, jumuiya ya wanasayansi wa neva wa Afrika iliyoanzia Nairobi mwaka 1993.

Kasoro ya kwanza iko kwenye wasifu. Kijana anayeshughulikia sehemu hiyo bado huwaelekeza wateja waandike, kando ya kila makala waliyochapisha, kiwango cha umaarufu wa jarida lenyewe. Ushauri huo umepitwa na wakati. Wafadhili wengi wakubwa, Wellcome wakiwemo, wametia sahihi azimio la DORA lililotokana na mkutano wa San Francisco mwaka 2012, linalotaka kazi ya mtafiti ipimwe kwa ubora wake yenyewe badala ya jina la jarida. Mwombaji anapaswa kueleza kwa sentensi mbili au tatu alichangia nini katika kila kazi na kazi hiyo ilibadilisha nini. Kwa mtafiti wa Dodoma, ambaye huenda amechapisha katika majarida ya kanda hii, mabadiliko hayo ni haki iliyochelewa, na inaumiza kuona yananyimwa nafasi na mshauri wa hapa hapa nyumbani.

Kasoro ya pili, iliyo nzito zaidi, ni bajeti. Ofisi hutumia jedwali moja kwa wateja wote. Jedwali hilo lina safu ya vifaa, ya safari na ya mikutano, ila halina mahali pa jeli na elektrodi za EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) zinazokwisha kila mwezi, nauli za wagonjwa na wasindikizaji wao kutoka vijijini, posho za wahudumu wa afya ya jamii, mafuta ya jenereta, wala tofauti ya thamani kati ya shilingi na pauni ndani ya miaka mitano. Halitengi pia muda wala fedha za kibali cha maadili. Utafiti wa aina hii hupita kwenye kamati ya chuo na kisha ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu; kibali cha NIMR huhuishwa kila mwaka, na kusafirisha sampuli au takwimu nje ya nchi kunahitaji mkataba wake maalumu. Mpitiaji anayeona mpango wa kuanza kukusanya takwimu mwezi wa kwanza wa mradi atajua mara moja kwamba mwandishi hajafanya kazi hapa. Sehemu hii niliiandika upya mwenyewe kwa msaada wa mhasibu wa miradi wa chuo, na nimeieleza ofisi kwa maandishi kwamba inahitaji mtu wa namna hiyo, hata kama ni wa muda.

Chumba chenyewe ni kidogo lakini tulivu, na intaneti yake haisumbui.

Kilichonipendeza mwishoni ni usaili wa majaribio, unaofanywa na jopo la watu watatu ambamo mmoja kwa makusudi si mtu wa sayansi ya ubongo. Niliulizwa nitafanya nini mashine ya MRI ikikaa miezi mitatu bila kufanya kazi, nani atamiliki takwimu za wagonjwa, na mgonjwa atakayegundulika ana malengelenge ubongoni atatibiwa na nani baada ya mimi kuondoka kijijini. Swali hilo la mwisho liliniongezea ukurasa mzima kwenye andiko, kwa kuwa dawa za kuua tegu zinaweza kuzidisha uvimbe wa ubongo zisiposimamiwa vizuri, na mradi usio na njia ya rufaa haupaswi kupewa kibali. Usaili huu hufanyika Jumamosi tu, na wanajopo ni watu wenye ajira zao, kwa hiyo mwombaji aombe nafasi mapema, andiko likiwa bado linaweza kubadilishwa.