Nilivyotoa injini ya petroli kwenye VX yangu na kuweka 1HZ ya dizeli

Nina Land Cruiser VX, ile ya toleo la 80, ya mwaka 1996, gia za mkono, iliyokuja na injini ya petroli ya 1FZ-FE: silinda sita, lita 4.5. Naishi Mafinga. Kila wiki nakwenda Iringa mjini, kila baada ya miezi miwili nashuka Dar es Salaam, na siku nyingine niko kwenye barabara za vumbi huku Mufindi. Bodi ya gari ni safi, haina kutu hata chini ya zulia, na 1FZ yenyewe haikuwahi kuniacha njiani. Kilichokuwa kinaniumiza ni mafuta. Nilikuwa najaza tangi, natembea, najaza tena na kupiga hesabu, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: kilomita 4.7 kwa lita moja.

Watu wengi wanadhani kuhamia dizeli ni kukimbia bei ya petroli. Sivyo. Bei za EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, zinatoka kila mwezi, na mara nyingi petroli na dizeli hazipishani sana, kuna miezi dizeli ndiyo inakuwa juu. Faida iko kwenye kilomita. Leo, baada ya miezi 14 na kilomita kama 21,000, gari langu linanipa 8.3 kwa lita. Kwa kilomita 1,500 ninazotembea kwa mwezi, zamani nilichoma lita 319, sasa nachoma 181. Ukichukua shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni zaidi ya laki nne inayobaki mfukoni kila mwezi.

Nilishauriwa injini nyingi. Kuna aliyenitajia 1HD, dizeli nyingine ya Toyota yenye tabo (turbo), ambayo ni injini nzuri mno, ila kuipata nzima ni kazi na bei yake ni nyingine. Kuna aliyeniambia niweke 1KZ ya Prado kwa sababu ni rahisi. Lita 3 kwenye bodi ya VX yenye zaidi ya tani mbili, na mlima wa Kitonga uko njiani kwangu, nikakataa. Nikaamua 1HZ, lita 4.2, isiyo na tabo wala kompyuta. Ndiyo iliyoko kwenye Land Cruiser Hardtop nyingi za hospitali, misheni na kampuni za utalii, na kwenye mabasi madogo ya Coaster. Hata hapa Mafinga spea zake zinapatikana, na fundi akiifungua hahitaji kuuliza mtu.

Nilinunua injini Dar, imetumika Japani, pamoja na gia boksi yake, shilingi milioni 11. Nasisitiza neno "pamoja". Ukinunua injini tupu ukitegemea kuunga gia boksi ya petroli uliyonayo, utaanza kutafuta kava la klachi, flaiwili na vikorokoro vingine kimoja kimoja, na kila kimoja kina bei ya mtu aliyejua una shida. Kabla haijapanda kwenye gari nikabadilisha mkanda wa taimingi, tensheni yake, pampu ya maji na sili. Hii usiiahirishe. 1FZ inatumia cheni, 1HZ inatumia mkanda wa mpira, na injini ya mtumba haiji na kumbukumbu ya mkanda ulifungwa lini. Ukikatika ukiwa safarini, valvu na pistoni zinakutana, na pesa yako imekwisha.

Kufunga kulichukua siku tisa katika gereji moja huko huko Dar. Injini ilikaa vizuri, maunti zilichomelewa vizuri, eksozi ilipita bila kugusa chochote. Waliosha tangi, wakatoa pampu ya petroli iliyokuwa ndani yake, wakafunga mpira wa kurudisha tangini dizeli inayobaki na kuweka filta yenye kikombe cha chini cha kukamata maji. Ilipowaka mara ya kwanza nilifurahi sana. Mngurumo mzito, wa taratibu, gari zima linatetemeka kidogo halafu linatulia.

Injini yenyewe haijanisumbua mpaka leo. Kilichonisumbua ni vitu vinavyoizunguka, na ndivyo ningependa mwenye nia kama yangu avikague kwa macho yake kabla hajalipa salio la mwisho.

Cha kwanza kilitokea mwezi wa sita. Dar gari lilikuwa linawaka kwa kugusa tu ufunguo. Mafinga asubuhi ya Juni ni nyingine, majani yana ukungu na vidole vinakufa ganzi kwenye usukani. Nikapiga stata, injini inazunguka vizuri tu lakini haishiki. Nikapiga tena. Moshi mweupe ukajaa uani kama mtu kachoma majani mabichi. Nikahangaika nayo karibu robo saa, na hivyo hivyo kila asubuhi kwa wiki nzima. Mafundi wawili walitaka kushusha pampu ya dizeli wakaisafishe. Fundi umeme mmoja, kijana mtulivu, akasema kwanza tuangalie hita plagi, vile vijiti vya umeme vinavyopasha silinda joto injini ikiwa baridi. Akaichomoa moja, akaishika na koleo, akaiunganisha na betri. Tukasubiri. Ilikuwa vuguvugu tu, haikuwa nyekundu.

"Bosi, hii ni ya volti 24," akaniambia. "Gari lako ni 12. Hapa hazitawaka hata ukikaa na ufunguo mpaka jua litoke."

Hapo nikaelewa. Dizeli nyingi za Japani zinapigwa stata kwa volti 24, betri mbili. Gereji ilikumbuka kubadilisha stata ikaweka ya 12, ikasahau hita plagi. Kwenye joto la Dar injini haikuzihitaji, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Tukaweka sita za volti 12 pamoja na rilei yake. Kesho yake alfajiri nilisubiri taa ya njano ya hita plagi izime, nikapiga mara moja, ikawaka.

Cha pili ni breki, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Injini ya petroli inavuta hewa yenyewe kupitia manifodi, na uvutaji huo ndio unaosaidia busta ya breki kulainisha pedali. Dizeli haina uvutaji huo, kwa hiyo inakuja na pampu yake ya vakyumu. Pampu yangu ilikuwa nzima. Lakini mpira wa kutoka kwenye pampu kwenda kwenye busta ulikuwa wa zamani, wa petroli, umekatwa na kuungwa katikati kwa kipande cha bomba na klipu mbili.

Nilikuwa nashuka kutoka Iringa mjini kwenda Ipogolo, mbele yangu Fuso imejaa matofali. Nikakanyaga breki mara ya kwanza, ikashika. Nikaachia, nikakanyaga tena, pedali ikawa ngumu kama nimekanyaga jiwe. Nikaisukuma kwa mguu wote, mgongo umebana kwenye kiti, nikateremsha gia hadi ya pili, nikavuta hendibreki kidogo kidogo. Gari likasimama pembeni, mita chache nyuma ya lile Fuso. Mke wangu alikuwa kando yangu na hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Nilipofungua boneti, ule mpira ulikuwa umechomoka kwenye kiungo.

Gereji niliipigia simu wakaniambia nirudishe gari Dar. Sikurudisha, nilinunua mpira mzima usio na kiungo hapo hapo Iringa. Ninachowaomba mfanye siku ya kukabidhiwa gari ni hiki: washa injini dakika moja, izime, kisha kanyaga breki. Mara mbili za kwanza pedali iwe laini. Ikiwa ngumu papo hapo, kuna mahali panavuja, usiondoke na hilo gari.

Kuhusu nguvu, nawaambia ukweli. 1FZ ilikuwa na zaidi ya farasi 200, hii ina 130 hivi. Kupita lori kunahitaji subira na barabara nyeupe mbele. Kitonga nilikuwa naipanda kwa gia ya tatu nikiimba, sasa nikikuta foleni ya malori napanda kwa ya pili. Lakini kwenye matope ya Mufindi, kwa mwendo wa kutambaa, napenda 1HZ zaidi. Inavuta kutoka chini bila kukanyagwa.

Jumla yangu na marekebisho yote ilifika milioni 15. Injini ya petroli na gia boksi yake niliviuza milioni 3.2, kwa hiyo niliingia kwa milioni 11.8, na kwa matumizi yangu inarudi kwa miaka miwili na nusu kasoro. Anayetembea kilomita 500 kwa mwezi mjini abaki na petroli yake.

Usisahau kadi ya gari. Yangu ilisomeka petroli, na namba ya injini na ukubwa wake vilikuwa vya 1FZ. Tunza risiti na nyaraka za kuingiza injini nchini, peleka gari kwa mkaguzi wa polisi wa usalama barabarani, kisha TRA wabadilishe taarifa, na bima nao waambiwe. Na kwenye kifuniko cha tangi bandika neno DIZELI kwa herufi kubwa. Vijana wa sheli wamezoea kuiona VX hii, na mmoja alishaingiza bomba la petroli nikamshika mkono.

Kilichobaki ni mshale wa mizunguko ya injini. Kwenye petroli ulikuwa unapokea ishara kutoka kwenye koili, na koili haipo tena, kwa hiyo umelala kwenye sifuri tangu siku ile. Nimeshapata dashibodi ya VX ya dizeli, iko Dar, naichukua safari ijayo.