Kisanduku cha katoni cha kutupia sindano: tathmini kutoka mwambao wa Kigoma

Kisanduku cha manjano cha lita 5, ambacho katika zahanati nyingi tunakiita sefti boksi, hufika kikiwa bapa na hukunjwa kwa mkono bila gundi wala stepla. Nimekitumia katika chumba cha chanjo na katika huduma za mkoba kwenye vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, na ninakipendekeza, ila kwa masharti.

Ubora wake mkubwa ni kumlinda mtu wa pili. Muuguzi aliyechoma sindano anajua ameiweka wapi, lakini mhudumu wa usafi anayeinua mfuko wa taka jioni hajui, na yeye ndiye ambaye mara nyingi hupewa glavu nyembamba. Sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B inaweza kumwambukiza mtu asiyechanjwa katika matukio 6 hadi 30 kati ya 100, wakati kwa Virusi vya UKIMWI ni takriban tukio 1 kati ya 300. Kisanduku kikiwa karibu na mkono wa anayechoma, sindano huingia papo hapo pamoja na bomba lake bila kurudishiwa kifuniko, tendo ambalo limewachoma wahudumu wengi.

Kasoro yake ni unyevu. Wakati wa mvua, au sakafu inapopigwa deki, kitako hulainika na ncha hupata njia ya kutokea. Kwa hiyo kiwekwe juu ya meza au kwenye kishikilio cha ukutani, na ndani ya boti kisafirishwe katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Pamba zenye damu na mipira ya dripu havina nafasi humo, kwani hukilowesha kwa ndani na kukijaza kabla ya wakati.

Kinachukua takriban sindano 100 na mabomba yake, na hufungwa kikifika robo tatu. Kushindilia ili kubana matumizi ni hatari isiyo na faida yoyote, na kukimwaga ili kitumike tena ni kosa kubwa zaidi.

Sharti zito kuliko yote ni mahali kinapoishia. Katika tanuri la vyumba viwili linalopita nyuzijoto 800, katoni huteketea pamoja na vilivyomo, na mabaki huingia katika shimo la majivu lililofunikwa. Katika shimo la wazi, katoni huungua kwanza na sindano hubaki wazi bila kinga, mahali ambapo watoto na mbuzi hupita. Zahanati isiyo na tanuri ipange usafiri wa kupeleka visanduku vilivyojaa kwenye kituo chenye tanuri kabla ya kuagiza vipya.

Kwa chumba cha chanjo katoni inatosha kabisa. Kwa chumba cha kujifungulia, ambako maji na damu havikosekani, ningechagua chombo cha plastiki ngumu.