Kozi ya Mageuko mwaka wa tatu: uzoefu wangu, kwa mnaotaka kujiandikisha

Kila dirisha la kozi za hiari likifunguliwa, swali lile lile huzunguka kwenye makundi ya wanafunzi wa sayansi: Mageuko (somo la jinsi viumbe vinavyobadilika vizazi kwa vizazi) tuichukue au tuikwepe? Wengine wanaiogopa kwa sababu ya hesabu, wengine kwa sababu ya dini, na wengine wamesikia tu kwamba ina sapu (mitihani ya marudio) nyingi. Mimi nimeisoma muhula uliopita, nikiwa mwaka wa tatu wa shahada ya sayansi na elimu, masomo ya Biolojia na Kemia, katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Jina la chuo naliacha, kwa kuwa yapo mambo hapa chini ambayo sikuyapenda. Lakini nianze na lile ninaloliamini kabisa: kozi hii ni nzuri, na kilichoifanya iwe nzuri ni masharti yake.

Najua masharti ya kozi si kitu ambacho mwanafunzi hukisoma. Tunapewa mwongozo wiki ya kwanza, tunatafuta ukurasa wenye tarehe za majaribio, basi. Huku mambo yalikuwa tofauti. Mhadhiri alitumia kipindi chote cha kwanza kuupitia mwongozo, kipengele kwa kipengele, akawa anaeleza kwa nini kila sharti lipo, akaruhusu tubishe. Baadhi ya vipengele vilirekebishwa pale pale darasani kabla hatujatia saini. Sijawahi kuona hilo katika kozi nyingine yoyote.

Sharti lililonigusa zaidi lilihusu imani. Darasa letu lilikuwa na kila mtu: walokole, Waislamu wa swala tano, Wasabato, Wakatoliki, na wachache wasiotaka kuulizwa habari za dini. Mwongozo ulisema wazi kwamba hakuna atakayeulizwa anaamini nini, wala hakuna alama itakayotolewa au kukatwa kwa ajili ya imani. Kitakachopimwa ni kama unaielewa nadharia, unaujua ushahidi wake, na unaweza kueleza kwa nini wanasayansi wanaufasiri hivyo. Sharti hilo lilibana pande zote. Ukiandika kwenye jibu kwamba huamini mageuko, hujajibu swali. Ukiandika kwamba mageuko ni kweli kwa sababu Darwin, mwasisi wa nadharia hiyo, alisema mwaka 1859, hujajibu swali pia. Na anayemdhihaki mwenzake kwa dini yake, au kwa kukosa dini, anatolewa kwenye semina na siku hiyo anahesabiwa hakuhudhuria.

Faida yake niliiona mapema sana. Kule sekondari mada hii ilikuwa inaishia kwenye kelele: mwanafunzi anauliza kama tumetokana na nyani mbona nyani bado wapo, darasa linacheka, mwalimu anasema "hiyo ni nadharia tu, andikeni", mada inafungwa. Hapa swali lile lile liliulizwa kwa heshima na likajibiwa kwa heshima. Binadamu na sokwe wana mababu wa pamoja walioishi miaka milioni kadhaa iliyopita. Sokwe wa leo ni ndugu wa ukoo wa mbali, naye amepitia njia yake kama sisi tulivyopitia yetu. Baada ya hapo tukaendelea na kazi. Mwenzangu mmoja katika kundi letu la diskasheni, Msabato mwenye msimamo usioyumba, alikuwa ndiye anayetufafanulia mti wa nasaba kila tulipokwama, na alifaulu vizuri sana. Hakuna aliyemtaka aache chochote mlangoni.

Sasa alama. Kazi za muhula zina 40, mtihani wa mwisho 60. Ukipata chini ya 16 kwenye zile 40, chumba cha mtihani huingii. Mahudhurio ya mihadhara ni asilimia 75, ya maabara ni yote. Kazi iliyochelewa inakatwa asilimia 10 kwa kila siku, na baada ya siku tatu haipokelewi. Hayo ni ya kawaida, sina la kuongeza.

Kisicho cha kawaida ni dondoo za semina. Kabla ya kila semina mnapewa makala ya utafiti, na usiku wa kuamkia semina kila mmoja awe ametuma nusu ukurasa wenye mambo matatu: mtafiti anadai nini, ushahidi wake ni upi, na ni matokeo gani yangeonyesha kwamba amekosea. Usipotuma, unaruhusiwa kukaa na kusikiliza, lakini huna alama ya semina hiyo. Mwanzoni tulinung'unika sana. Lile jambo la tatu ndilo gumu, maana tumezoea kusoma ili kukubali. Ukilazimika kila wiki kufikiria ni kitu gani kingelibomoa dai unalolisoma, unaanza kusoma kwa namna nyingine kabisa.

Mfano ulionikaa ni wa furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Mimi nimekulia kando ya ziwa hilo, nimekula furu tangu utoto, na sikuwahi kujua kwamba wanabiolojia duniani kote wanawazungumzia. Ziwa lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Ndani ya muda huo mfupi, kwa hesabu za jiolojia, zimetokea spishi zipatazo 500 za furu: wala mwani, wavunja konokono, wala samaki wenzao, wa kwenye miamba, wa kwenye matope. Swali la semina lilikuwa: yawezekanaje? Makala ya mwaka 2017 tuliyosoma ilionyesha kwamba mababu wa furu hao walikuwa machotara, matokeo ya kukutana kwa koo mbili za samaki, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile ya juu. Kwa hiyo hawakuanza na mtaji mdogo wa jeni. Walianza na mchanganyiko mkubwa ambao uteuzi asilia, yaani wenye sifa zinazofaa mazingira yao kuishi na kuzaa zaidi, uliweza kuuchambua.

Kisha tukaingia kwenye furu wawili wa Ghuba ya Mwanza, kwa majina ya kisayansi Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei, huyu wa pili amepewa jina la Mwalimu Nyerere. Dume la mmoja lina rangi ya buluu, la mwingine lina wekundu na manjano. Majike huchagua kwa rangi. Maji yakiwa maangavu, spishi mbili zinabaki mbili. Maji yakichafuka kwa udongo na mbolea zinazoingia ziwani, rangi hazionekani vizuri, uchaguzi unavurugika, na machotara wanaongezeka. Hapo unaona kwamba spishi inaweza kupotea bila samaki hata mmoja kuvuliwa wala kuliwa na sangara. Nilirudi nyumbani likizo nikayatazama maji ya mwaloni kwa jicho jingine, na bado linaniuma kwamba tunasoma "hifadhi" miaka yote kama habari ya tembo na faru tu.

Kuhusu hesabu: zipo, na hazikwepeki, lakini si za kutisha. Sehemu kubwa ni kanuni ya Hardy na Weinberg, ya kukokotoa aina za jeni zimeenea kiasi gani katika jamii, ambayo kidato cha sita wengi tuliikariri bila kujua inafanya nini. Hapa ilifundishwa kwa selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto huupata akirithi aleli (aina ya jeni) yake kwa baba na kwa mama. Tuseme mahali fulani, katika kila watoto 100 wanaozaliwa, mmoja ana selimundu. Basi aleli hiyo ina mgao wa 0.1, kwa kuwa 0.1 mara 0.1 ni 0.01, na wabebaji, wale wenye aleli moja tu, ni kama 18 katika kila 100. Swali linalofuata ndilo lenye uzito: ikiwa ugonjwa huu unaua watoto, kwa nini aleli yake haijatoweka? Jibu lake lilipatikana huku kwetu Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 ushahidi kwamba wabebaji wanakingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali, na kwamba aleli imeenea zaidi pale malaria ilipoenea. Ukishaelewa hilo, herufi p na q, yaani migao ya aleli mbili katika kanuni hiyo, zinaacha kuwa mateso. Mwongozo unaruhusu kikokotoo na karatasi moja ya kanuni uliyoiandika kwa mkono wako. Tumia nafasi hiyo.

Sharti la akili unde na kunakili lilikuwa kali lakini la haki. Unaruhusiwa kutumia programu hizo kurekebisha Kiingereza chako au kutafuta makala, mradi useme umetumia nini na wapi. Lakini kila kazi ya nyumbani inaweza kufuatwa na maswali ya ana kwa ana: unaitwa ofisini, unaulizwa kuhusu aya mbili tatu za kazi yako mwenyewe. Ukishindwa kuieleza, alama inahesabiwa kwa ulichoweza kueleza. Waliokuwa wamezoea kununua kazi kwenye steshenari za mtaani walikiona cha moto. Mimi naona ndiyo njia pekee inayomlinda anayekesha na kazi yake, na natamani idara nyingine ziige.

Nije kwenye yasiyonipendeza, kwa sababu yapo na yana uzito.

La kwanza ni safari ya mafunzo. Tulikwenda Oldupai, korongo la visukuku lililo eneo la Ngorongoro, na kama somo safari hiyo haina mpinzani. Kusimama kwenye korongo ambako mtafiti Mary Leakey alilipata lile fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, Julai 1959, ukaona tabaka za udongo na majivu ya volkano zilivyopangana, ukaelewa kwa nini umri wa miaka milioni 1.75 si namba ya kubuni, hilo darasani halipatikani. Pale kwenye makumbusho kuna pia nakala ya nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa mwaka 1978, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu yenye unyevu miaka kama milioni 3.66 iliyopita. Nilizitazama kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote.

Lakini safari ilikuwa na alama kwenye zile 40, na gharama yake ilimwangukia mwanafunzi. Asiyekuwa na mkopo, au ambaye bumu lake lilichelewa, alipewa insha mbadala yenye alama pungufu. Hilo si haki hata kidogo. Umaskini hauwezi kuwa kipimo cha kuelewa mageuko. Fuvu halisi la Zinjanthropus liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kwa walio karibu, ziara ya huko yenye maswali ya maana na alama zile zile ingetosha. Tuliandika barua idarani kupitia kiongozi wa darasa. Mpaka naandika haya hatujajibiwa.

La pili, masharti ya muda yalimbana mwanafunzi tu. Sisi tukichelewa siku moja tunakatwa asilimia 10. Mwongozo huo huo uliahidi kazi kurudishwa, zikiwa na maoni, ndani ya wiki mbili, na kazi ya kwanza ilirudi wakati jaribio la pili limeshapita. Maoni yake yalikuwa mazuri, yameandikwa kwa makini, lakini yalikuja wakati hayawezi kumsaidia mtu. Najua wahadhiri wana mzigo na wasaidizi ni wachache. Hata hivyo ahadi iliyotiwa saini na pande mbili inapaswa kuzibana pande mbili.

Mtihani wa mwisho ulifanana na kozi. Waliokariri mitihani ya miaka ya nyuma hawakupata cha kushika. Swali moja lilieleza kwamba Malawi iliacha kutumia klorokwini, dawa ya malaria, mwaka 1993, na baada ya miaka kadhaa vimelea wanaokufa kwa dawa hiyo wakarejea kuwa wengi; eleza kwa nini. Ukijua kwamba usugu una gharama kwa kimelea pale dawa isipokuwepo, unaandika kwa raha. Ukijua tafsiri ya "uteuzi asilia" peke yake, unakwama mstari wa pili. Jingine lilihusu samaki wa Ziwa Tanganyika anayekula magamba ya samaki wenzake, Perissodus microlepis. Wapo ambao mdomo umepinda kulia na hushambulia ubavu wa kushoto wa windo, na wapo ambao mdomo umepinda kushoto na hushambulia ubavu wa kulia. Kwa nini hakuna kundi linalolimaliza jingine? Kwa sababu windo hujihadhari zaidi na upande unaoshambuliwa mara nyingi, kwa hiyo walio wachache ndio wanaoshiba. Nilitoka chumbani nimechoka lakini nimeridhika.

Kwa nani naipendekeza? Kwa wa elimu, bila kusita, kwa kuwa mada hii imo kidato cha nne na kidato cha sita, na utasimama mbele ya watoto wenye maswali ambayo huwezi kuyajibu kwa kucheka. Andalio langu la somo kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha tayari linaanza na lile sharti la imani, nimeliandika kwa Kiswahili chepesi ili kila mwanafunzi ajue kabla ya yote kwamba hapimwi kwa dini yake. Naipendekeza pia kwa wa wanyamapori, uvuvi na maabara za hospitali. Kama muhula wako tayari una kozi mbili zenye maabara, isubiri, maana dondoo za kila wiki zitakumaliza.

Kabla ya kujiandikisha nenda idarani uombe mwongozo wa mwaka huu, usitegemee wa kwetu. Angalia kipengele cha safari kinasemaje kuhusu malipo na alama za insha mbadala. Kikiwa bado kama kilivyokuwa, kiulizeni kile kipindi cha kwanza, mkiwa wengi, kabla hamjatia saini.