Kifaa cha Kujazia Maji kwenye Tangi la Samaki wa Baharini: Kipi Ununue, Kipi Ukiache

Tangi la samaki wa baharini hupoteza maji kila siku, lakini halipotezi chumvi. Kinachopaa hewani ni maji matupu, na kadiri yanavyopungua ndivyo yaliyobaki yanavyozidi ukali, hata mfugaji akalazimika kurudisha kila siku maji yasiyo na chumvi kwa kiasi kilekile kilichopotea. Anayesahau siku tatu huwapandishia viumbe wake chumvi polepole. Anayezidisha, au ambaye kifaa chake kimezidisha, huwashushia ghafla, na mara nyingi jambo hilo hutokea kwa saa chache tu mwenye nyumba akiwa amelala au yuko safarini. Mwongozo huu unapanga njia za kujazia maji, kuanzia ile ninayoiona bora hadi ile ambayo sitaki kuikuta nyumbani kwa mtu, na kigezo changu ni kimoja: siku kifaa kitakapokosea, kitaliharibu tangi kwa kiasi gani?

Nasema "siku kitakapokosea" kwa sababu imenifika. Tangi langu la kwanza lilikuwa na lita 180 pamoja na sampu, yaani lile tangi dogo la chini linalobeba skima (chujio linalotoa uchafu kwa povu) na pampu ya kurudisha maji, nalo lilijaziwa kwa swichi moja ya boya iliyoamuru pampu kuvuta maji kutoka kwenye pipa la lita 60. Konokono alipanda juu ya boya akalikandamiza nikiwa Morogoro kwa siku mbili. Niliporudi Dar es Salaam nilikuta sakafu imelowa, pipa linakaribia kukauka, na refraktomita (kifaa cha kupima chumvi) inasoma 29 badala ya 35, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, kama ilivyo baharini. Kiti cha pweza alikufa siku iliyofuata. Samaki wote walipona, na huenda kamba nao wangepona kama ningetulia. Lakini kwa hofu niliirudisha chumvi yote usiku uleule, na asubuhi nikakuta kamba wawili wamekufa. Swichi ilikuwa nusu tu ya kosa la kwanza. Nusu nyingine ilikuwa ukubwa wa pipa.

Nunua chombo cha akiba kabla ya kifaa

Wanunuzi wengi huanza kwa kulinganisha vihisio na pampu, kisha hutafuta pipa kubwa kadiri nafasi inavyoruhusu ili wasisumbuke kulijaza. Mpangilio huo ugeuzwe. Chukua lita za tangi lako, zizidishe kwa 35, kisha ugawanye kwa lita za tangi zikijumlishwa na lita za chombo cha akiba. Jibu ndilo chumvi itakayobaki siku chombo chote kitakapomiminika. Tangi la lita 200 likipokea lita 10 za ziada hushuka hadi 33.3, hali ambayo samaki na matumbawe mengi huistahimili. Likipokea lita 20 hushuka hadi 31.8. Likipokea lita 40 hufika karibu 29, na hapo viti vya pweza, kamba na matumbawe yenyewe yamo hatarini. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba chombo kisizidi sehemu ya ishirini ya maji yote ya tangi, na sampu iwe na nafasi ya kuyapokea maji hayo yote bila kufurika, hata baada ya kupokea yale yanayoshuka kutoka tangi la juu umeme unapokatika.

Kabla ya kwenda dukani, pima kwa siku saba kiasi unachopoteza: bandika utepe kwenye chumba cha pampu ndani ya sampu, kwa maana hapo ndipo upungufu huonekana, na kila asubuhi urudishe maji kwa jagi lenye vipimo hadi kwenye utepe. Usiige kipimo cha mwenzako. Hewa kavu ya Nairobi hunywa maji kuliko hewa ya Mombasa wakati wa masika, na feni inayopuliza juu ya tangi, ambayo wengi wetu wa pwani huitumia kupoza maji badala ya mashine ya bei kubwa, huongeza upotevu kwa kiasi cha kushangaza. Chombo kikiwa kinakwisha kwa siku tatu, basi kijaze kila siku ya tatu. Ukisafiri, mwachie jirani au ndugu chupa ulizozipima mwenyewe, kila moja ikiwa na tarehe yake, wala usinunue pipa kwa ajili ya safari.

Maji yenyewe yawe yamechujwa kwa mtambo wa osmosi, ule unaoyapitisha kwenye utando unaozuia chumvi na madini. Visima vingi vya mwambao vina chumvi na madini tayari, na maji ya bomba huleta vitu ambavyo mwani huvifurahia kuliko matumbawe.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa kifaa chenye kihisio cha mwanga, boya la dharura na kikomo cha muda kwa pamoja. Mfano unaojulikana zaidi ni Tunze Osmolator 3155 ya Ujerumani: kihisio cha mwanga hulinda usawa wa kila siku, swichi ya boya iliyofungwa juu yake hukata pampu kihisio kikishindwa, na pampu ikifanya kazi kwa dakika 10 mfululizo bila usawa kufikiwa, kifaa huizima chenyewe na kulia. Ubora wake hautokani na jina la mtengenezaji, bali na ukweli kwamba walinzi wake hawana ugonjwa mmoja. Ute, povu na mwani hukipofusha kihisio cha mwanga lakini ni nadra kulizuia boya. Konokono hulizuia boya lakini hana la kufanya kwa saa inayohesabu dakika. Anayemiliki tayari Apex, kidhibiti kinachoendesha vifaa vyote vya tangi, anaweza kupata ulinzi wa daraja hilohilo kwa ATK, kifaa cha kujazia cha Neptune Systems, yenye vihisio viwili vya mwanga na vali ya boya isiyohitaji umeme kwenye mwisho wa mpira. Lakini sioni sababu ya kununua kidhibiti kizima kwa ajili ya kujazia maji peke yake.

Nafasi ya pili ni jagi na mstari wa utepe. Najua wapo watakaoshangaa, ila kwa tangi lisilofika lita 60, ambalo mwenyewe hulala nyumbani kila siku, ninaliweka jagi mbele ya vifaa vyote vinavyofuata. Jagi la nusu lita haliwezi kumimina zaidi ya nusu lita. Anayejazia asubuhi na jioni pia hulitazama tangi lake mara mbili kwa siku, akamwona samaki aliyeacha kula kabla mambo hayajaharibika. Udhaifu wake ni binadamu mwenyewe: homa, msiba wa ghafla, kazi ya usiku.

Ya tatu ni kifaa chenye kihisio kimoja cha mwanga na kikomo cha muda, kama Smart ATO Micro ya AutoAqua. Ni kidogo, hushikwa kwenye kioo kwa sumaku, na kwa tangi lisilo na nafasi ya boya la pili ni chaguo zuri ilimradi chombo cha akiba kibaki kidogo. Kisafishe kihisio kila wiki kwa kitambaa laini, na kikiota ukoko mgumu kiloweke kwenye siki, kisha ukisuuze. Usikifunge karibu na mapovu ya skima wala mahali ambapo taa inakimulika moja kwa moja.

Ya nne ni vali ya boya inayotumia mteremko tu, ndugu ya ile iliyomo kwenye tangi la maji la nyumbani. Kukatika kwa umeme hakuigusi, na bei yake ni ndogo. Lakini chembe moja ya mchanga au ya chumvi iliyoganda ikikaa kwenye mpira wake wa kuzibia, vali huvuja tone kwa tone usiku kucha bila kelele yoyote. Tafuta iliyofunikwa kwa kikombe au wavu wa kuzuia konokono, na iwe ya plastiki tupu. Zile za fundi bomba zenye sehemu za shaba zisiingie kwenye tangi la baharini, kwa kuwa shaba huwaua kamba, konokono na matumbawe hata ikiwa kidogo sana.

Ya mwisho ni swichi moja ya boya iliyounganishwa na pampu, bila kikomo cha muda, ambayo huuzwa kwa bei ya chini kabisa mtandaoni. Siipendekezi. Aliyekwisha kuinunua aunganishe boya la pili juu ya la kwanza, kwa namna ambayo lolote kati yake likiinuka pampu inazima, kisha aichomeke pampu kwenye taima inayoiruhusu dakika chache tu asubuhi na jioni. Hapo ajali itakuwa na mpaka.

Kuunganisha mpira moja kwa moja kutoka kwenye chujio la osmosi au tangi la nyumba hadi kwenye sampu hakumo hata kwenye orodha hii. Hapo chombo chako cha akiba kinakuwa bomba la mji mzima.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Soma maandishi kwenye adapta: iwe inapokea volti 100 hadi 240, si 110 peke yake. Uliza kama kihisio na pampu huuzwa kimoja kimoja, kwa sababu pampu ndiyo huchoka kwanza. Uliza pia pampu inainua maji kwa urefu gani, upime nafasi yako.

Kuna hatari moja ambayo vifaa vingi vya kununua haviizuii, nayo ni mpira kunyonya wenyewe. Kila aliyewahi kuona petroli ikivutwa kwa mpira kutoka kwenye tangi la gari anaelewa: maji yakishaanza kushuka hayahitaji pampu tena. Ikiwa mdomo wa mpira uko chini ya usawa wa maji ya chombo cha akiba, pampu inaweza kuzimwa na maji yakaendelea kumiminika hadi chombo kikauke. Kiweke chombo chini, na mdomo wa mpira uwe juu ya usawa wake na nje ya maji ya sampu.

Ajali nyingine hutokea kifaa kikiwa kizima kabisa. Skima ikichafuka na kutapika maji ya chumvi sakafuni, au kiungo cha bomba kikivuja, kifaa huona upungufu na kuurudisha kwa uaminifu kwa maji yasiyo na chumvi, hakijui tofauti. Ndiyo sababu nyingine ya chombo kidogo. Na yeyote anayechanganya chokaa kwenye maji ya kujazia ili kuyalisha matumbawe akumbuke kwamba pH ya maji hayo huzidi 12, kwa hiyo kumiminika kwake kuna madhara makubwa kuliko kushuka kwa chumvi.

Ajali ikishatokea

Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kukanyaga maji yaliyo sakafuni au kutumbukiza mkono. Kisha chomoa kifaa cha kujazia, washa mzunguko wa maji tena, na upime chumvi kwa refraktomita uliyoirekebisha kwa kimiminika cha kipimo cha 35.

Usimwage chumvi kavu kwenye tangi, na usiharakishe. Samaki wengi huvumilia kushuka kwa chumvi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Wanaotibu ugonjwa wa madoa meupe huishusha hadi uzito mahususi (uzito wa maji ukilinganishwa na wa maji matupu) wa 1.009 kwa wiki kadhaa. Kupanda kwa ghafla ndiko kunakowaumiza, pamoja na kamba. Lengo liwe kupanda kwa 1, au usizidi 2, kwa siku.

Ikiwa chumvi imeshuka kidogo, dawa iko karibu: punguza maji hadi usawa wa kawaida, kisha kwa siku chache jazia maji ya chumvi ya 35 mahali pa maji matupu. Tangi la lita 200 linalopoteza lita 3 kwa siku litapanda kwa nusu kila siku, polepole na bila mshtuko, kutoka 33.3 litarudi 35 kwa siku tatu au nne. Ikiwa imeshuka hadi 31 au chini, toa lita 20 kwa siku na urudishe lita 20 zilizo kali kuliko tangi kwa 10, yaani 41 kwa tangi lililo 31. Kila mara chumvi itapanda kwa 1. Maji hayo yachanganywe kwenye ndoo yenye pampu hadi yawe maangavu, na joto lake lilingane na la tangi.

Kalisi na alkali navyo vilishuka pamoja na chumvi, na vitarudi pamoja nayo, kwa hiyo usiongeze virutubisho vyovyote kabla kipimo hakijafika 35. Ondoa mara moja kiumbe yeyote aliyekufa, hasa kiti cha pweza, ambaye huoza upesi, na upime amonia kesho yake na keshokutwa.

Kabla ya kukichomeka tena kifaa, kijaribu juu ya ndoo. Inua boya kwa kidole uone kama pampu inazima papo hapo. Kisha kiache kihisio hewani, pampu ikivuta maji kutoka ndoo moja hadi nyingine, ukitazama saa hadi kikomo cha muda kifike. Kisipozima ndani ya muda ulioandikwa kwenye kijitabu chake, kirudishe dukani ukiwa bado na risiti.