Kabla hujalipia tiketi ya ndege, angalia unatua wapi

Meseji zimekuwa nyingi wajameni na karibu zote zinalia kilio kimoja, tiketi iliandika masaa mawili mbona nimefika mjini baada ya matano. Bei na mabegi mnajua kulinganisha wenyewe, siingii huko. Ugomvi wangu ni umbali wa kutoka uwanja wa ndege mpaka mjini, maana yale masaa ya kwenye tiketi yanaanza ndege ikiondoka getini na yanaisha ikifika geti la huko, basi, mengine juu yako.

Kuna uwanja unaitwa Frankfurt-Hahn, uko kama kilomita 120 kutoka Frankfurt! Beauvais inauzwa kama Paris na iko kilomita 85 hivi, Skavsta ya Stockholm kama 100. Tokyo ndo balaa, Haneda iko kilomita 15 tu kutoka katikati ya jiji, Narita kama 60, na ukitafuta kwa kuandika TYO, kifupi cha jiji zima la Tokyo, zinakuja zote zimechanganywa, ya Narita ikiwa fupi kwa dakika kumi inakaa juu na wewe unaibonyeza fasta.

Kwa hiyo mimi napanga hivi.

Namba moja ni ndege isiyotua njiani na inayokushusha uwanja wa karibu. Ikiwa A350 ya Airbus usiulize mara mbili, mimi Airbus ni wangu sifichi, hewa ya ndani haiwi nyepesi sana, inakuwa kama uko mwinuko wa mita 1,800 hivi wakati ndege nyingi za zamani zinafika 2,400 (787 ya Boeing nayo ni 1,800 kama A350, haya nimesema). Safari kama Singapore mpaka New York, zaidi ya kilomita 15,000 na masaa kama 18, hapo mwili unajua tofauti.

Namba mbili mtanibishia: kuunganisha mara moja, tiketi ikiwa moja na mwisho unatua karibu na mji. Bora hiyo kuliko ndege ya moja kwa moja inayokumwaga porini usiku treni zimeshalala. Ila soma vizuri unapobadilishia, zipo tiketi unatua Heathrow halafu unatakiwa uondokee Gatwick, yaani uivuke London na mabegi yako huku saa inakimbia.

Tatu, moja kwa moja lakini uwanja wa mbali. Sawa kama unakoenda ni upande huohuo.

Tiketi mbili za bei chee ulizounga mwenyewe: ya kwanza ikichelewa ya pili haikusubiri. Nimemaliza.

Sasa hawa wauzaji. Jina la jiji wanaliandika kubwaa, la uwanja unalitafuta kwa tochi. Ukichuja kwa safari fupi zaidi hawahesabu barabara hata kidogo, na kilomita wanazijua. Mashirika nayo yanajaza dakika za ziada kwenye ratiba ili ndege ikichelewa kidogo ihesabike imewahi. Halafu kuna wanaotangaza muda mmoja wa kwenda na kurudi, wakati London na New York umbali ni uleule, kama kilomita 5,550, ila kwenda New York kunakula karibu saa zima zaidi kwa sababu upepo wa juu unavuma kutoka magharibi. Na wengine ukishalipa tu, ndo wanakuletea tiketi ya basi la kukutoa huko porini, wanakuuzia haohao.