Siku nne Bilbao: boti ilinikosa, pantoni la hewani likaniokoa

Nianze na lawama ili ziishe mapema: boti niliyoilipia haikuja.

Tiketi tulikata kwa simu wiki tatu kabla, mimi na mke wangu. Ilikuwa safari ya kushuka na mto wa Bilbao, kaskazini mwa Hispania, mpaka unapomwagikia baharini, kisha kurudi. Siku yenyewe tukafika gatini robo saa kabla, tumejifunika makoti, na karanga zetu mfukoni. Hakuna boti, hakuna mtu. Kuna karatasi tu imebandikwa kwenye kibanda kwamba leo safari imeahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Hali ya hewa yenyewe ilikuwa rasharasha, ile isiyolowesha hata bega. Mimi ni mtoto wa Tanga, mvua naijua. Fedha zilirudi baada ya siku 19 na barua pepe nne, kila moja ikiwa na adabu pungufu kuliko iliyoitangulia.

Ila boti ingekuja, nisingekuwa na la kuandika hapa. Tungekaa, tungepiga picha, tungerudi hotelini kulala.

Niseme kwanza kwa nini nilikwenda. Ninaishi Ubelgiji, na kutoka Brussels kuna ndege ya moja kwa moja. Lakini sababu hasa ni kwamba baba yangu alikuwa kuli wa bandari ya Tanga enzi za matishali. Meli ilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye tishali, tishali likavutwa mpaka gatini, na hapo ndipo kina baba walipoanza kutoka jasho. Tangu hapo sisikii jina la mji wa bandari nikatulia. Bilbao nilikuwa nimeusikia kwa sifa moja tu: mji wa viwanda uliokufa, ukafufuliwa na jumba la makumbusho.

Hadithi hiyo ina ukweli, ila imekatwa kichwa na miguu. Mji huu uko kama kilomita 15 ndani kutoka baharini, kwenye bonde jembamba kiasi kwamba wenyeji wenyewe wanauita Botxo, yaani shimo. Ulianzishwa mwaka 1300. Milima yake ilikuwa na chuma, na karne ya 19 chuma hicho kilipakiwa melini kwenda Uingereza, meli zikarudi na makaa ya mawe. Mabaharia na mafundi wa Kiingereza wakaja na mpira wa miguu. Likafuata shirika la matanuri ya chuma la Altos Hornos de Vizcaya, 1902, na pale katikati ya mji palikuwa na kiwanda cha kuunda meli cha Euskalduna. Miaka ya 1980 kiwanda cha meli kilifungwa, na wafanyakazi hawakukubali kimyakimya; walipambana na polisi barabarani. Tanuri la mwisho lilizimwa 1996. Guggenheim, ndilo hilo jumba la makumbusho ya sanaa, ilifunguliwa Oktoba 1997. Ukizipanga tarehe hizo mbili pamoja utaelewa kwa nini wazee wengine wa mtoni hawalitaji lile jumba kwa furaha uliyonayo wewe mtalii.

Turudi gatini. Mama mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa alituona tunaisoma ile karatasi kwa mara ya tatu. Akatuhurumia, akaonyesha kidole chini: metro. "Portugalete," akasema, kisha akachora hewani kitu kama lango la mpira. Hatukuelewa lango ni la nini, lakini tukaenda.

Metro yao haina kasoro. Ilifunguliwa 1995, mchoro wa msanifu Norman Foster, na viingilio vyake ni migongo ya vioo inayochomoza kando ya barabara kama kamba wakubwa. Watu wanaviita fosteritos. Mnanunua kadi iitwayo Barik, mnaweka salio, na kadi moja ilitutosha sote wawili. Mstari wa Portugalete unapita ukingo wa kushoto, Barakaldo na Sestao, miji ya wafanyakazi. Tanuri moja limebakizwa Sestao kama kumbukumbu, limesimama na mabomba yake kama mzee aliyesahauliwa kituo cha basi.

Halafu tukaliona lango.

Ni daraja, lakini halina barabara. Minara miwili ya chuma imesimama ukingo huu, mingine miwili ukingo ule, na juu kabisa, mita 45 kutoka majini, imelazwa boriti ndefu. Kwenye boriti kuna kitoroli cha magurudumu, na kutoka kwenye kitoroli zimeteremshwa nyaya ambazo chini zimebeba jukwaa zima: magari yanakaa katikati, watu kwenye vibanda viwili vya pembeni. Jukwaa linateleza hewani juu kidogo ya maji mpaka ng'ambo, Las Arenas. Jamani, hili ni pantoni! Pantoni lililotundikwa.

Alberto de Palacio alilijenga 1893, la kwanza la aina yake duniani, na akili yake ni nyepesi ukielezwa. Meli zenye milingoti mirefu zilipaswa kupita, kwa hiyo daraja la chini halikufaa. Kingo nazo ni tambarare, na daraja la juu lingehitaji mwinuko mrefu wa kupandia. Basi, barabara ikageuzwa kuwa chombo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofika hapo 1937 boriti ililipuliwa ikaanguka mtoni, ikarudishwa 1941. UNESCO wameliweka kwenye orodha yao ya urithi wa dunia mwaka 2006. Nauli ya mtu ilikuwa senti 50 na kitu. Soma tena: senti.

Tulivuka mara sita siku ile. Mara ya kwanza mke wangu alishika nguzo kwa mikono miwili. Milango ikajifunga, ukasikika mlio kama friji linapoanza, na ukingo ukaanza kutuacha bila hata mtikisiko. Mbele yetu alikaa bibi mmoja na kitoroli cha sokoni, mkate mrefu ukichungulia juu, anasoma simu yake. Hakuinua macho mpaka tulipogusa ng'ambo. Kwake yeye ni daladala tu. Unatoka upande wa wafanyakazi, na kwa dakika moja na nusu hivi unateremka upande wa majumba ya wenye viwanda, yenye bustani na vioo vya rangi. Matanuri yalikuwa huku, wenye matanuri walilala kule.

Mara ya tatu nikampigia baba, simu ya video.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Uko wapi huko, mbona unaelea?"

Nikamgeuzia kamera juu, kisha chini kwenye maji. Akakaa kimya kidogo. "Pangani wangelipenda hili," akasema. Kisha likaja swali la kazi: "Sasa likifika, kamba anafunga nani?"

"Hakuna kamba, baba. Linajibana lenyewe."

"Basi hapo kuna watu walikosa kazi."

Kamba kwenye mto huo zilikuwepo, na waliozivuta ni wanawake. Waliitwa sirgueras. Upepo ulipokataa, walijifunga kamba mabegani na kutembea kando ya maji wakivuta matishali mpaka mjini. Siku hizi wana sanamu yao kando ya mto. Mke wangu alisimama pale muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya kitu chochote ndani ya Guggenheim.

Na Guggenheim yenyewe? Naipa haki yake. Mafundi bati wa Gerezani, Dar, wangecheka kwanza, halafu wangenyamaza. Msanifu Frank Gehry amelivika jumba vipande vya titani vyenye unene wa nusu milimita hivi, vimepangwa kama magamba ya samaki, na rangi yake inafuata anga: asubuhi lilikuwa kijivu cha sufuria kuukuu, saa kumi jioni jua lilipochungulia likageuka dhahabu iliyochujuka. Nje, yule mbwa mkubwa wa maua wa msanii Jeff Koons tulimkuta kazungushiwa majukwaa ya mafundi, maana maua yake hubadilishwa Mei na Oktoba. Wa Oktoba msitegemee picha.

Ndani, mtu wa maana ni mchongaji Richard Serra. Kuta za chuma zilizopinda, zenye kutu, ndefu kuliko nyumba ya kwetu. Unaingia katikati yake, zinakuinamia, na baada ya hatua kumi unatembea upande kama mlevi. Niliweka mkono karibu tu, mlinzi akanitikisia kidole. Nimekulia uani penye pipa la kutu ileile, wala halikuwahi kulindwa. Kilichonichekesha zaidi: vyuma hivyo vilikunjwa Ujerumani. Mji uliozima matanuri yake ukaagiza kutu kutoka nje. Tiketi si ya bei rahisi. Kama mfuko ni mwembamba, zunguka nje, pita chini ya sanamu ya buibui ya Louise Bourgeois, inatosha.

Mvua nayo muijue. Wenyeji wanaiita zirimiri. Sisi rasharasha, wao zirimiri. Nadhani mvua ya aina hii inawalazimisha watu popote kurudiarudia sauti. Katika mji wa mvua hiyo msanifu Santiago Calatrava alijenga daraja la waenda kwa miguu, Zubizuri, akalitandika vioo chini. Watu wakateleza mpaka manispaa ikaweka zulia. Jina lake la Kibaski, lugha ya wenyeji, lakini nimelipenda: zubi ni daraja, zuri ni nyeupe, sifa inakuja nyuma ya jina kama kwetu. Hata asante yao, eskerrik asko, ni "shukrani nyingi" kwa mpangilio huohuo. Iseme dukani uone sura zinavyofunguka.

Chumba chetu kilikuwa mtaa wa San Francisco, ng'ambo ya mji wa kale. Tangazo lilisema dirisha linatazama mto. Dirisha lilitazama tundu la hewa na nguo za jirani; mto ulionekana ukipanda paa. Mwenye nyumba simtaji, ila niliondoka nikiamini amelielewa neno Botxo kuliko wote. Mtaa wenyewe hata hivyo ni mzuri kwa watu wetu: bucha za halali, Wamoroko, Wasenegali, na mgahawa mmoja wa wali wa samaki ambao mke wangu alitaka kujua mapishi yake kabla hajamaliza sahani. Usiku sana kuna vijana wa kukaa kona. Tulipita, tukasalimiana, hakuna lililotokea.

Sisi hatuli nguruwe, na baa za Bilbao zimejaa nguruwe. Vile vitafunwa vyao, pintxo, vinapangwa kaunta nzima, na nyama iliyokaushwa inajificha hata ndani ya mayai. Jifunzeni kusema "sin cerdo", yaani bila nguruwe. Samaki ndiye rafiki. Nikaona kwenye menyu "bacalao al pil-pil", moyo ukaruka: hatimaye pilipili! Kumbe wapi. Ni chewa mkavu aliyelowekwa, na mafuta ya zeituni yenye vitunguu saumu. Mpishi alikuwa mbele yetu. Alikishika chungu cha udongo kwa masikio mawili, akawa anakizungusha juu ya moto mdogo, mduara mmoja bila kuinua, dakika baada ya dakika, mpaka utelezi wa ngozi ya samaki ukayageuza mafuta kuwa rojo jeupe zito. Hakutia unga wala maziwa. Kipande kimoja cha pilipili kilielea juu kama mgeni asiyejuana na mtu. Mtamu, lakini mbebe pilipili zenu.

Uwanja wa San Mamés tuliutazama kwa nje. Athletic, timu ya mji, bado wanachezesha wachezaji waliozaliwa au kulelewa kisoka katika nchi ya Wabaski tu; ndugu wawili Williams, Iñaki na Nico, wazazi wao walitoka Ghana, mmoja anachezea Ghana na mwingine Hispania. Aprili 2024 walichukua Kombe la Mfalme baada ya miaka 40, wakalishangilia kwa njia moja tu wanayoikubali: wachezaji kupanda tishali na kupanda nalo mto, watu wamejaa kingo zote. Tishali hilo, liitwalo Gabarra, liko kwenye makumbusho ya bahari, pale pale palipokuwa kiwanda cha Euskalduna, chini ya kreni nyekundu waliyoiacha. Nikalipiga picha nikamtumia baba. Akajibu kwa sauti, anacheka: "Hilo tani ngapi? La kwetu lilikuwa kubwa."

Nyota nne. Ya tano ilikwenda na boti.

Kadi yangu ya Barik imebaki na euro 4 na senti kadhaa. Anayekwenda karibuni aniandikie, nitampa. Aitumie kwenye pantoni, si kwenye tramu.